Pedali ya Freni Iko Laini: Namna ya Kutafuta Sababu

Somo la fizika na la kazi ya mikono, kutoka sekisio ya makanika



Wengi kati yenu watakuwa mashofere, wengine watakuwa mafundi, na wote mtapanda motokari za watu wengine. Kwa hiyo somo hili si la wanafunzi wa makanika peke yao. Tutasema juu ya ugonjwa mmoja unaotokea mara nyingi: motokari imebadilishwa freni, vipande ni vipya, lakini ukikanyaga pedali iko laini kama sifongo, ao inashuka mpaka chini. Sababu iko nini? Na utaitafuta namna gani?

I. HABARI ILIYOTUFUNDISHA

Pikapu ya shule ililetwa katika atelye yetu siku ya Jumatano. Garnitiri za nyuma zilikuwa zimekwisha, plaketi za mbele zilibaki nyembamba, na pistoni za etriye zilianza kukwama. (Etriye ni kile kipande kinachobana disiki ya gurudumu la mbele.) Fundi wetu alitugawia kazi: kutoa etriye mbili za mbele, kuzisafisha na kuzitia mipira mipya, kubadilisha plaketi, kisha kubadilisha garnitiri ndani ya tamburi za nyuma.

Siku ya Ijumaa saa tisa tulikuwa tumemaliza. Tulitia likidi mpya, tukatoa hewa, tukarudisha magurudumu. Kesho yake asubuhi mkubwa wa shule alipaswa kushuka Uvira na wanafunzi wanane nyuma. Kutoka Bukavu kwa njia ya Nyangezi inafaa kupita mlima Ngomo mbele ya kufika Kamanyola. Anayeijua ile njia anajua: kona nyuma ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde.

Mmoja wetu alipanda, akakanyaga. Pedali ilishuka karibu kugusa chini. Akapompa mara mbili, ikapanda. Akasema kwa furaha: «Haina neno! Ukipompa mara mbili, inashika.»

Aliyesema hivyo ni mimi.

Fundi mzee alisimama karibu na mlango, akaniangalia. «Mara mbili? Sawa. Na ku Ngomo, mutoto akitokea mu barabara, atakungojea umalize kupompa?»

Kisha akanipa hesabu, na mimi nawapa ninyi. Motokari inayokwenda kilometre 40 kwa saa inapita metre 11 katika sekunde 1. Kupompa mara mbili kunaomba sekunde 1 ao zaidi. Basi zile metre 11 unazipita bila freni. Ni urefu wa darasa letu, na bado zinabaki.

II. NAMNA FRENI INAVYOFANYA KAZI

Mbele ya kutafuta ugonjwa, inafaa kujua mwili. Freni ya motokari inafuata sheria ya Blaise Pascal, mtu wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1623 na kufa mwaka 1662. Sheria yake inasema hivi: likidi iliyofungwa ndani ya chombo ikisukumwa pahali pamoja, ule msukumo unafika kila pahali sawasawa.

Unapokanyaga, pedali inasukuma pistoni ya silinda kubwa. Silinda kubwa inasukuma likidi katika tuyo za chuma na katika fleksibili (mipira inayofika ku magurudumu). Likidi inasukuma pistoni za magurudumu, nazo zinabana plaketi juu ya disiki ao kupanua garnitiri ndani ya tamburi.

Tufanye hesabu kwa mfano mmoja. Tunaacha kwanza servofreni, ile inayosaidia mguu.

1. Mguu unakanyaga kwa nguvu ya 200 N. Ni karibu uzito wa kilo 20.
2. Pedali ni kiwiko cha kuongeza nguvu mara 4. Pistoni ya silinda kubwa inapata 800 N.
3. Ile pistoni ina upana wa milimetre 20, maana yake eneo la sm² 3,14. Msukumo ndani ya likidi: 800 ÷ 3,14 = N 255 kwa kila sm², karibu bari 25.
4. Pistoni ya etriye ina upana wa milimetre 50, eneo lake ni sm² 19,6. Nguvu yake: 255 × 19,6 = karibu 5.000 N.

Tazameni: 200 N imegeuka 5.000 N. Lakini hakuna kitu cha bure. Kwa kupata nguvu mara nyingi, tumelipa kwa mwendo. Pistoni ya etriye inasogea kidogo tu, na pedali inasogea mingi. Kwa hiyo kila nafasi ndogo inayopotea ku gurudumu inaonekana kubwa chini ya mguu. Shika neno hili, litatusaidia.

III. KIJIKO KIMOJA CHA HEWA

Likidi haikubali kubanwa. Hewa inakubali. Hiyo ndiyo siri yote.

Tuseme ndani ya tuyo kumebaki hewa ya sm³ 5, kipimo cha kijiko kimoja cha chai. Unakanyaga, msukumo unapanda kufika bari 25 juu ya ule wa hewa ya inje. Kwa sheria ya gazi, ile hewa ya sm³ 5 inabaki karibu sm³ 0,2. Basi sm³ 4,8 za likidi zimekwenda kujaza pahali hewa ilipokuwa, bila kubana disiki hata kidogo.

Ku silinda kubwa, sm³ 4,8 ni mwendo wa pistoni wa sm 1,5 (4,8 ÷ 3,14). Na pedali inazidisha mara 4: ni sm 6.

Sm 6 za pedali kwa kijiko kimoja cha hewa! Ndiyo sababu fundi hacheki mtu akimwambia: «Kumebaki hewa kidogo tu.»

IV. PEDALI INASEMA

Mgonjwa akifika kwa munganga, munganga anamwuliza: unaumia wapi, tokea lini, namna gani? Nawe uulize pedali. «Laini» si ugonjwa mmoja. Zima mashini, kanyaga polepole kwa mguu mmoja, na usikilize.

a) Pedali inarudisha mguu kama mpira. Unakanyaga, inashuka, unaona kama inasukuma tena. Ukipompa upesi inapanda, lakini inabaki na ule mpira. Hiyo ni hewa ndani ya likidi. Mara nyingine ni fleksibili iliyozeeka inayovimba.

b) Pedali inashuka mbali, lakini ukipompa upesi inapanda na inakuwa ngumu kama jiwe. Ukingoja kidogo, inarudi chini. Hapa hewa si ya kwanza kushitakiwa. Nafasi kati ya garnitiri na tamburi ni kubwa mno. Kila mara unapompa, unaongeza likidi mbele garnitiri hazijapata wakati wa kurudi.

c) Pedali inashika, lakini ukiikanyaga na kuishikilia inazama polepole. Likidi inakimbia. Ao inatoka inje, na utaona majimaji; ao inapita ndani ya silinda kubwa, pembeni ya mipira iliyoharibika, na huku inje kote ni kukavu.

d) Pedali ni nzuri nyumbani, na inakuwa laini mlimani baada ya kufrenisha mingi. Likidi imechemka. Mvuke ni gazi, na gazi inabanwa kama hewa.

e) Pedali ni nzuri kwa njia iliyonyooka, lakini nyuma ya kona ao mashimo inashuka kwa mara ya kwanza. Angalia kama gurudumu linacheza: rulma imelegea, ao disiki imepinda. Disiki inasukuma pistoni nyuma, na kukanyaga kwa kwanza ni kwa kuzirudisha tu.

Na angalia mtego mmoja. Ukiwasha mashini huku umekanyaga, pedali inashuka kidogo. Hiyo si ugonjwa! Ni servofreni inaanza kukusaidia. Kwa hiyo jaribu kwanza mashini ikiwa imezimwa, mbele ya kuhukumu.

V. NAMNA TULIVYOTAFUTA

Turudie pikapu yetu. Pedali yake ilisema maneno mawili pamoja: ilishuka mbali, na ilikuwa na mpira. Fundi akatuambia: «Musianze kubadilisha vitu. Muanze kuangalia.» Hii ndiyo njia tuliyofuata, na ni nzuri kwa motokari nyingi.

1. Kutazama. Tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, tukapandisha motokari kwa kriki na kuiweka juu ya viti vya chuma. Hapana kuingia chini ya motokari iliyoshikwa na kriki peke yake, hata dakika moja. Tuliangalia kiasi cha likidi katika bokali, tukapapasa kila kiungo cha tuyo, nyuma ya kila gurudumu, na chini ya silinda kubwa kuelekea mguu wa shofere. Kote kukavu.

2. Kushikilia. Tulikanyaga na kushikilia muda wa kuhesabu mpaka 30. Pedali haikuzama. Basi silinda kubwa haikuwa na kosa.

3. Garnitiri za nyuma. Hapa tulipata kosa la kwanza. Tulipotia garnitiri mpya, tuliacha vis ya kupangia ikiwa imefungwa mpaka ndani, ili tamburi iingie vizuri. Kisha tukasahau kuifungua tena. Tuliilekebisha hivi: unalegeza freni ya mukono; unapitisha turnavisi katika tundu dogo nyuma ya gurudumu; unageuza ile vis yenye meno mpaka gurudumu linakwama; unairudisha kidogo kidogo mpaka gurudumu linazunguka na unasikia garnitiri inagusa kidogo tu. Unakanyaga pedali mara chache ili garnitiri zikae katikati, na unapima tena. Pande zote mbili ziwe sawa.

Pedali ilipanda karibu nusu. Tukafurahi. Ilikuwa saa kumi na moja, na mkubwa wa shule alikuwa amekuja kuangalia. Alikanyaga mwenyewe, akasema: «Iko vizuri kuliko mbele. Tutakwenda polepole.»

Fundi alifuta mikono, akajibu kwa heshima: «Mukubwa, vizuri kuliko mbele haiko vizuri. Mu hii pedali kungali upepo. Mimi siwezi kukupa hii ufunguo.»

Kukawa kimya. Sisi tuliangalia chini. Mkubwa wa shule angeweza kukasirika, maana safari ilikuwa imetangazwa. Lakini aliuliza neno moja: «Unaomba saa ngapi?» Fundi akasema: «Mpaka nitakapopata.»

4. Kutoa hewa. Tuliianza upya, mara hii kwa utaratibu. Andikeni katika kaye zenu:

– Inafaa watu wawili: mmoja ku pedali, mwingine ku gurudumu. Mashini izimwe.
– Jaza bokali na likidi mpya. Uichunge kila wakati. Ikikauka, hewa inaingia kutoka juu, na kazi yote inaanza tena.
– Kwa motokari nyingi unaanza na gurudumu lililo mbali sana na silinda kubwa, na kumaliza na lililo karibu. Lakini motokari zingine zina utaratibu wao. Kitabu chake kikiwapo, ukifuate.
– Ku vis ya kutolea hewa, tia mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Ncha nyingine izame katika chupa yenye likidi safi kidogo.
– Wa gurudumu anasema: «Kanyaga!» Wa pedali anakanyaga polepole na kujibu: «Nimeshikilia!» Wa gurudumu anafungua vis kidogo, likidi na mapovu yanatoka, pedali inashuka. Anafunga vis. Kisha tu anasema: «Achia!»
– Hapana kuachia pedali mbele vis haijafungwa, ao hewa itarudi ndani.
– Weka kipande cha mbao chini ya pedali, isishuke mpaka mwisho. Katika silinda kubwa ya zamani, ile sehemu ya ndani ambayo pistoni haifiki kila siku ina kutu na takataka. Ukipeleka mipira mpaka kule, inaweza kukatika. Ndivyo silinda kubwa nzima inavyokufa siku ya kutoa hewa, na watu wanashangaa.
– Endelea mpaka likidi inatoka safi, bila povu hata moja. Kisha gurudumu linalofuata.
– Pikapu nyingi zina valvu ya kupima uzito karibu na ekseli ya nyuma. Ikiwa nayo ina vis ya kutolea hewa, usiisahau.

Tulizunguka magurudumu manne. Mapovu yalitoka ku nyuma, kisha hapana tena. Tulifunga, tukakanyaga. Mpira ungali pale. Tulizunguka mara ya pili. Mara ya tatu. Likidi ilitoka safi sawa maji ya chemchemi, na pedali ilibaki laini. Giza lilikuwa linaingia, tulikuwa na taa moja.

5. Jibu. Mmoja alisema ni silinda kubwa. Mwingine alisema ni fleksibili. Fundi alichuchumaa ku gurudumu la mbele la kushoto, akatia kidole juu ya vis ya kutolea hewa, akatuita.

«Batoto, ukitia chupa mu maji, upepo unaenda wapi? Juu ao chini?»

«Juu, Papa.»

«Na hii vis iko wapi?»

Tuliangalia. Vis ilikuwa chini ya etriye. Tukakimbia upande wa kuume: nayo vilevile. Kumbe siku ya Jumatano tulitoa etriye mbili pamoja, tukazisafisha juu ya meza moja, na tulipozirudisha ya kuume ilikwenda kushoto na ya kushoto kuume. Zote mbili ziliingia bila shida, vis zake zilikazwa vizuri, disiki ilizunguka. Lakini vis ya kutolea hewa iligeuka chini. Likidi safi ilitoka kwa tundu la chini, na hewa ilikaa juu ya silinda, salama, kama mtu aliyelala juu ya kitanda wakati watu wanafagia chini yake. Hata kama tungezunguka mara ishirini, isingetoka.

Tulizibadilisha, kila moja pahali pake. Tukatoa hewa tena: mapovu makubwa yalitoka, moja nyuma ya lingine. Tukafunga. Fundi akaniambia nipande, mimi niliyesema «haina neno». Nilikanyaga. Pedali ilishuka kidogo, ikasimama. Mguu wangu ulikuta ukuta.

Pikapu ilikwenda Uvira siku ya Jumapili mchana, wala si Jumamosi. Wale wanane walinung'unika juu ya kuchelewa. Hawakujua kitu.

VI. MAKOSA MENGINE YA MTU ALIYEBADILISHA FRENI

– Kusahau kupompa. Ili plaketi mpya ziingie, unasukuma pistoni nyuma. Zinabaki mbali na disiki. Mbele ya kuwasha mashini, inafaa kukanyaga pedali polepole mara nyingi mpaka inashika. Motokari nyingine ziligonga ukuta wa garaji kwa kosa hili tu.

– Kukanyaga wakati tamburi ao etriye imetolewa. Pistoni inatoka inje, likidi inamwagika, hewa inaingia.

– Plaketi kukaa vibaya. Kutu na uchafu pahali plaketi inapotelezea vinaifanya ipinde inapobanwa. Pedali inakuwa na mpira bila hewa yoyote. Safisha kwa burashi ya chuma.

– Silinda kubwa mpya iliyofungwa ikiwa kavu. Inafaa kuijaza na kuitoa hewa juu ya meza kwanza, na kisha kuiweka.

– Kuacha vipande vipya bila kuzoezwa. Plaketi mpya haijakaa vizuri juu ya disiki ya zamani. Ufrenishe polepole mara nyingi kwa mwendo mdogo, kwa njia tupu. Pedali itakuwa nzuri zaidi. Lakini angalia: hii inaondoa ulaini mdogo tu. Pedali inayofika chini haiponi kwa kutembea.

– Motokari zenye ABS. Hewa ikiingia ndani ya sanduku la ABS, mara nyingine haitoki kwa mguu peke yake. Inaomba chombo cha kuamrisha pompa yake. Usipoteze likidi kwa kujaribu siku nzima. Uipeleke kwa mwenye chombo.

– Vumbi. Hapana kupuliza tamburi kwa kinywa ao kwa pompa ya hewa. Garnitiri nyingi za zamani zilitengenezwa na amianti, na vumbi yake inaharibu mapafu baada ya miaka mingi. Uilowanishe kwa maji na kupangusa kwa kitambaa.

VII. LIKIDI YA FRENI

Watu wanaiita «mafuta ya freni», lakini si mafuta. Mtu akitia mafuta ya mashini katika bokali, mipira yote ya freni inavimba na kuharibika, na inafaa kubadilisha yote. Kwa hiyo soma chupa.

Likidi ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwa joto la 205 °C ao zaidi; DOT 4, 230 °C ao zaidi. Lakini inapenda maji: inakunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo. Ikishakunywa maji, kipimo cha sheria kinashuka: 140 °C kwa DOT 3, na 155 °C kwa DOT 4. Umbali kati ya 205 na 140 ni umbali kati ya pedali nzuri na pedali iliyokufa katikati ya mteremko. Ndiyo sababu likidi inabadilishwa, kwa motokari nyingi kila miaka 2. Na ndiyo sababu chupa iliyokaa wazi ku dirisha la garaji si likidi tena. Ile uliyotoa katika mpira usiirudishe katika bokali, hata kama inaonekana safi. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na DOT 3 ao DOT 4.

Likidi inakula rangi ya motokari na inaumiza macho. Ikimwagika, osha kwa maji mingi. Usiiweke katika chupa ya kunywa, maana watoto wanaweza kuinywa, nayo ni sumu.

Na kwa shofere: mlimani usiache kazi yote kwa freni. Shuka na vitesi vidogo, acha mashini ishike motokari, na freni zipumzike.

VIII. MBELE YA KUTOA MOTOKARI

1. Mashini imezimwa: pompa mara 5 kuondoa msaada wa servofreni, kisha kanyaga mara moja. Pedali iwe juu na ngumu.
2. Kanyaga na kushikilia, hesabu mpaka 30. Isizame.
3. Huku umekanyaga, washa mashini. Ishuke kidogo na kusimama.
4. Mwingine apite kuangalia kila gurudumu: kusiwe na tone moja.
5. Ngoja dakika 5, kanyaga tena. Kukanyaga kwa kwanza kuwe sawa na kwa mwisho.
6. Jaribu pahali tambarare, bila watu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, mkono karibu na freni ya mukono. Kisha ongeza mwendo kidogo.

Moja ikikosa, motokari inalala. Hata kama mwenyewe anangoja, hata kama ni mkubwa, hata kama safari imetangazwa. Pedali nzuri ni ile inayoshika kwa mara ya kwanza. Anayekuambia «ukipompa inashika» amekuambia kwamba freni haziponi.

IX. MAULIZO

1. Katika mfano wetu kumebaki hewa ya sm³ 10. Pedali itapoteza sm ngapi? Ikiwa mwendo wake wote ni sm 12, itakuwa namna gani?
2. Pedali inashuka mbali. Ukipompa inakuwa ngumu kama jiwe. Baada ya dakika moja iko chini tena. Utafungua nini kwanza, na kwa sababu gani?
3. Motokari inakwenda kilometre 60 kwa saa. Shofere anapoteza sekunde 1 na nusu kwa kupompa. Amepita metre ngapi?
4. Rafiki yako ametoa hewa mara tatu, likidi inatoka safi, pedali ingali laini. Utamwambia aangalie nini mbele ya kununua silinda kubwa mpya?

Fanyeni hesabu wenyewe, na mulete majibu ku atelye siku ya kazi ya mikono. Tutayaangalia pamoja. Etriye mbili za zamani ziko juu ya meza, ya kuume na ya kushoto. Mtu wa kwanza kuzitofautisha bila kuuliza, tutajua amesoma vizuri.